Karabini Zilizorudi

Jumatatu, 8 Juni 1959

Karabini arobaini zimetoka kiwandani leo. Nimeziingiza zote katika rejista. Namba ya mtutu na namba ya mwili sharti zilingane. Mbili hazikulingana, nikazirudisha.

Mamerto, mpigaji wa majaribio, alinuna. Ati tarakimu ile ni sita, ila aliyeichonga alikuwa na njaa.

Nikamwambia sita yenye njaa si sita.

"Doña Zunilda, wewe ukifika mbinguni utamrudisha Petro akaandike upya orodha!"

Huyu hupiga kila bunduki risasi kumi kwenye mchanga. Tano kwa triga ya mbele, moja moja. Tano kwa triga ya nyuma, mfululizo. Miaka tisa sasa. Masikio yamekwisha. Ukimsalimu anakutajia saa.

Mhandisi Halmos, Mhungaria aliyeibuni bunduki hii, alikuja ofisini akitikisa gazeti la ng'ambo. Picha ya karabini yetu, na chini yake imeandikwa kwamba ni bunduki ya Kiitalia. "Mtoto wangu wamempa baba mwingine!" Maskini. Umbo ni la Kiitalia, kweli. Risasi ni ya karabini ya jeshi la Marekani. Akili ni ya Wahungaria. Mti ni wa kwetu. "Nje ya mji wetu wa San Cristóbal nani ataitambua?" akauliza.

Nilimjibu kwamba rejista inaitambua. Hakuridhika.

Joto. Sikulala mchana.

Jumatano, 10 Juni

Fomu mpya kutoka kwa watu wa usalama. Kila mfanyakazi aandike ndugu walio nje ya nchi. Nereida, mpiga chapa wetu, aliniinamia sikioni: kuna wanaoandika "hakuna", na mambo yanapita. Nikamwambia arudi kwenye meza yake.

Niliandika: Persio, mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea tangu alipokuwa na miaka minne. Miaka ishirini na saba. Caracas, tangu 1954. Masomo. Barua ya mwisho Agosti mwaka jana.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimeyaandika kama yalivyo.

Jumatatu, 15 Juni

Ndege tangu alfajiri. Zinapita chini, zinaelekea milimani, zinarudi. Kiwandani hakuna aliyeinua macho. Mamerto peke yake: "Mwaka huu mbu wamenenepa!" Hakuna aliyecheka. Yeye hakusikia kwamba hakuna aliyecheka.

Saa nne malori mawili yalichukua karabini mia mbili. Sajini alitaka kuondoka bila kutia sahihi. Nilisimama mbele ya lori.

"Bibi, kuna vita!"

"Basi tia sahihi upesi."

Alitia.

Jumapili, 21 Juni

Misa. Padre Isidro alihubiri juu ya subira. Watu walikohoa mno.

Mangú, zile ndizi za kupondwa, na yai. Nilipiga pasi mashati ya wiki nzima. Nina mashati manne tu. Nilipiga mara mbili.

Alhamisi, 25 Juni

Gazeti limesema. Wavamizi kutoka Kuba, vijana wa humu humu waliokimbilia nje. Kwanza kwa ndege huko Constanza, kisha kwa boti kaskazini. Jeshi limewamaliza. "Hakubaki hata mmoja hai." Majina kumi na mawili.

Nimeyasoma mara tatu. Persio hayumo.

Kumi na mawili si wote.

Ijumaa, 26 Juni

Ercilia fundi cherehani alikuja baada ya kazi. Mwanawe yumo katika yale kumi na mawili. Anataka barua ya gazetini.

Wote huja kwangu. Mtu akitajwa vibaya gazetini, au nduguye akitajwa, lazima ajibu kwa barua: amshukuru Mkuu wa nchi, aape utii, amkane aliyekosea. Barua ikiwa mbovu, mambo huwa mabovu zaidi. Kwa hiyo huja kwangu, mwalimu mstaafu wa sarufi. Nimeandika kumi na tisa. Hii ni ya ishirini.

"Mwalimu, andika kwamba simjui."

"Huwezi kusema humjui. Umemzaa. Tutaandika kwamba unamkana."

"Haya. Namkana." Akakaa. Mikono juu ya magoti, vidole vina matundu ya sindano. "Lakini hapo mwishoni, Mwalimu, huwezi kuweka kaneno? Kwamba alikuwa mpole kwa mama yake?"

"Hakuna nafasi."

Nikamsomea. Akatia sahihi. Alinibusu mkono, akaniachia mayai manne.

Nafasi ilikuwapo. Mistari mitatu.

Jumanne, 30 Juni

Lori kutoka milimani. Karabini thelathini na moja, zetu zote! Mwaka jana ziliuzwa Havana, serikali ile ikaanguka, bunduki zikabaki, na sasa zimerudi mikononi mwa hao vijana. Mhandisi Halmos alizipokea kama kuku waliopotea. Matope, kutu, vitako vilivyovunjika. Alizifuta kwa leso yake mwenyewe.

Mamerto aliichukua moja, akavuta mdomo wa bunduki hadi puani. "Hii imepigwa sana," akasema. Kisha akaiweka chini na kwenda kukaa nje. Si kawaida yake.

Aliyezileta ni Luteni Otilio Sención. Nilimfundisha mwaka 1941. Dawati la nyuma, mchelewaji. Akaingia ofisini na kofia kichwani, akanitazama, akaivua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Miguu."

Akarudi kufuta viatu mlangoni. Nereida alijificha nyuma ya mashine yake.

Kazi yangu: kila karabini ina kikaratasi kimefungwa kwenye triga. Mahali, tarehe, na ilikotwaliwa: kwa maiti au kwa mfungwa. Kwa wafungwa kuna na jina. Nilinganishe namba na zile za Havana, niandike yote katika ukurasa mmoja wa rejista. Kanali, mkubwa wake Luteni, anataka.

Nilimuuliza Luteni kama nimesoma vema. Gazeti linasema hakuna aliye hai.

"Mwalimu, gazeti ni gazeti. Wewe nakili."

Kesho nitaanza.

Jumatano, 1 Julai

Nimeandika mistari thelathini na moja. Maiti ishirini na saba. Wafungwa wanne.

Mstari wa kumi na tisa. Constanza, tarehe 26 Juni. Mfungwa. Jina: Liborio Marte.

Liborio Marte ni baba yangu. Alikufa 1938. Hakuwahi kushika silaha kubwa kuliko panga, na hilo alilishika kwa migomba tu.

Niliomba kuiona ile karabini. Ili kuhakikisha namba, nilisema. Mti wa mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika, umezungushiwa uzi wa kuvulia, mizunguko mingi, imebana, na ncha zimefichwa ndani bila fundo. Persio alipokuwa na miaka tisa mashine ya miwa ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Tangu hapo hakushika mpini wowote ambao haujafungwa uzi. Panga. Jembe. Gongo la mpira. Mwavuli wangu. Namna ya kuficha ncha nilimwonyesha mimi, kwenye kiti kile cha jikoni.

Hakutaja jina lake. Amewapa jina la babu yake, wasije nyumbani kwangu.

Namba zililingana. Nikaandika: imehakikiwa.

Nereida akauliza kama nina homa. Nikasema sina. Mchana nililia—hapana, sikulia. Nilikula. Wali, maharage, kipande cha parachichi. Nilimaliza sahani.

Alhamisi, 2 Julai

Karabini sitini mpya. Zote zimelingana.

Ijumaa, 3 Julai

Nilikwenda kuungama. Nilimwambia Padre Isidro kupitia ule wavu: kuna mtu alikamatwa hai tarehe 26, na gazeti linasema wote wamekufa. Nilitaja majina yote mawili, lake na lile la babu yake.

Alisogea karibu na wavu. Ni Mhispania, kwa kawaida haongei kwa sauti ya chini.

Akanong'ona kwamba Askofu anaweza kuwaombea wafungwa. Amekwisha kuomba mara moja. Walimjibu kwamba hakuna wafungwa, baba Askofu ameota. "Mtu ambaye hayuko kwenye karatasi, binti yangu, ataombewaje? Neno la mama mkubwa halitoshi. Nipe karatasi yao wenyewe, kwa namba zao wenyewe. Akishawatajia namba na tarehe, watashindwa kusema ameota. Na kumuua mtu aliyekwisha kutajwa ni vigumu kidogo." Akarudia: "Kidogo."

Jumapili saa kumi na mbili jioni anaondoka kwenda mji mkuu kwa gari la Askofu. Hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilimwambia rejista inalala katika kasha la chuma. Kurasa zimeshonwa na zina namba. Nimeitunza miaka tisa bila kukata hata moja.

Akanipa toba: Salamu Maria tano. Sikuuliza ni kwa dhambi ipi.

Jumamosi, 4 Julai

Kazi nusu siku. Saa tatu Luteni Sención alikuja na amri ya Kanali. Ukurasa uandikwe upya. Wote thelathini na moja: maiti. Majina manne yaondolewe.

Nilimuuliza: "Na hao wanne wako wapi?"

"Mwalimu."

"Nauliza kwa sababu naandika."

Alitazama mlango. Nereida alikuwa amekwenda kunywa maji. Akasema polepole kwamba jana walikuwa bado wanne. Ya leo hajui. Kisha akasema, "Usiniulize tena, nakusihi," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniombea ruhusa ya kwenda nje.

Jana walikuwa bado wanne.

Nikaandika. Maiti, maiti, maiti. Mwandiko mzuri. Mstari wa kumi na tisa sawasawa na mingine, hata wino haukuzidi. Luteni alisimama nyuma yangu hadi mwisho. Kisha akaitwa na Kanali kwenye simu ya getini, akaniambia ukurasa wa zamani nimpe akirudi.

Nilikuwa na wembe wa kunolea kalamu; nikaukata ukurasa. Dakika sita. Uzi wa mshono haukuguswa. Namna nilivyoutoa nje ya geti ni yangu mwenyewe.

Alipomaliza simu kengele ya saa sita ilikuwa imelia, watu wanatoka. Nilimwambia getini kwamba nimeukata, karatasi iliyokosewa huwa naichoma nyumbani jikoni. Anakumbuka. Mitihani yao mibovu niliichoma hivyo hivyo.

"Lakini mimi ndiye ningeuchoma, Mwalimu."

"Ungechelewa."

Askari wa geti walicheka. Yeye alitabasamu nusu. Sikungoja nusu ya pili.

Nina miaka sitini na nane. Naona huo ndio uongo wangu wa kwanza mzima. Nilidhani nitasikia kitu. Sikusikia kitu. Nilipika ndizi, nikafagia uani.

Jumapili, 5 Julai

Misa. Padre Isidro aliniwekea hostia ulimini bila kunitazama. Kukabidhiana pale haikuwezekana. Watu wawili wa usalama walikaa benchi la nyuma na kofia zao magotini. Tumeelewana kwa macho: saa kumi na moja na nusu, mlango wa sakristia, nitaleta vitambaa vya altare vilivyofuliwa.

Nimevikunja. Vipo juu ya kiti.

Saa nane na nusu mchana, gari jeusi. Lile dogo la mgongo wa duara, la watu wa usalama, ambalo mtaa mzima unalijua kwa mlio. Madirisha ya jirani yakafungwa moja baada ya jingine. Luteni Sención. Peke yake. Alifuta viatu bila kuambiwa.

Yuko sebuleni sasa. Nimemkalisha kwenye kiti cha kamba, chini ya kile kibao cha shaba ambacho kila nyumba inacho, kinachosema kwamba humu ndani Mkuu ndiye kiongozi.

Nayaandika mazungumzo kwa haraka.

Alisema Kanali alimuuliza jana jioni: ukurasa uko wapi? Akamjibu umechomwa. Kanali akauliza: umeona kwa macho? Hakuwa ameona. Basi Kanali anataka majivu.

"Majivu?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo, Mwalimu. Ananiona mjinga. Anasema karatasi ya rejista ni nene, haifi upesi. Ikiungua hubaki kipande cheusi, na ile mistari na safu zake zinaonekana nyeupe. Anasema ameshaziona nyingi. Nimletee kwenye kopo."

"Na kusipokuwa na majivu?"

Aligeuza kofia mikononi. Akasema basi wale walio nje katika gari la pili wataingia kutafuta. Kwa sasa wako kona ya duka la mkate. Si watu wa kufuta viatu.

Nikamwambia nilichoma leo asubuhi, kabla ya misa. Jiko sijalizoa.

"Ehe! Basi yapo." Akapumua. Kisha akanitazama. Yeye si mjinga. Alikuwa mvivu tu, ni vitu viwili tofauti. "Twende nikazoe."

Nikasema mgeni hazoi jivu nyumbani kwangu kabla hajanywa kitu. Kwanza kahawa.

Nilijua atakataa. Hakukataa. Aliinama, akaitazama ile kofia kana kwamba imeandikwa ndani.

"Haya, kahawa kwanza, Mwalimu. Majivu hayana miguu."

Jiko liko uani, nyuma ya nyumba. Kutoka sebuleni halionekani. Nilimwambia naingia chumbani kuchukua sukari, naiweka kabatini kwa sababu ya sisimizi. Hilo ni kweli.

Ndani ya jiko kuna jivu la mkaa tu. Jeupe, laini, la ndizi za jana.

Daftari hili ninaloandikia ni la kiwandani. Walinigawia Krismasi, rejista iliyobaki. Karatasi ile ile. Mistari ile ile, safu zile zile. Nimechana kutoka Januari hadi mwisho wa Mei. Ukurasa mmoja ungetosha, lakini nimechana zote. Mle ndani sioni kitu ambacho mtu atakihitaji. Hali ya hewa. Mbaazi. Mguu wangu. Zimelala mapajani. Naandika haya kwa sababu jambo nisiloliandika siliamini.

Ameita. "Mwalimu! Sukari imekupotea?"

Nimejibu: "Vijiko viwili au vitatu?"

Kiti cha kamba kimelia. Nilidhani ameinuka. Hajainuka.

"Vitatu. Na uipike polepole. Kanali yuko kwenye mapigano ya majogoo, hatoki kabla ya saa kumi na moja." Kisha amesogea, na kwa sauti ya chini, karibu na mlango huu kuliko nilivyotaka: "Lakini wale wa duka la mkate hawana jogoo, Mwalimu. Usichelewe kama mimi."

Sasa ni saa tisa na dakika kumi.

Sijui amesema nini. Yaweza kuwa mtego: aniache niwashe, aingie, anikute na kurasa mkononi. Yaweza kuwa ni yule mtoto wa dawati la nyuma. Kwa mwaka mmoja nilimfundisha kila siku, na sijui! Uso wake darasani siukumbuki. Nakumbuka makosa yake tu.

Ukurasa wenye Liborio uko—hapana. Hilo siliandiki hata hapa.

Ameanza kutembea sebuleni. Hatua nne, anageuka. Hatua nne.

Nachukua sukari. Nachukua kiberiti. Naenda kuwasha moto.